Mwalimu Asiye na Mbadala

Siku yangu ya kwanza kazini Mpanda, miaka ya tisini ikiwa bado michanga, Mkuu wa Shule alinikabidhi vipande vinne vya chaki na Kidato cha Nne kizima. "Mwenye digrii ya hesabu hapa ni wewe peke yako," alisema. "Usiugue." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mwaka wa nne nikapata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika elimu. Barua ya chuo ilichelewa njiani. Zilibaki siku kumi na mbili usajili ufungwe, na aliyechelewa, nafasi yake ilipewa mwingine. Enzi hizo mtumishi hakumwandikia Afisa Elimu wa Mkoa moja kwa moja. Barua ya kuomba ruhusa ilikuwa na mstari wa "Kupitia kwa", na bosi wako aliandika maoni pembeni ndipo iende. Mkuu aliandika kwa wino mwekundu: "Naipitisha. Mwalimu hodari, hana mbadala."

Nilisoma maneno yale mara tano, kisha nikadandia lori la mahindi kwenda Sumbawanga, makao makuu ya mkoa. Njiani mbung'o wa pori la Sitalike walinitafuna, nami natabasamu.

Karani wa Afisa Elimu, mama wa makamo, aliisoma akavua miwani. "Mwalimu wangu, hapa umesifiwa au umefungwa?"

"Nimesifiwa, mama."

"Asiye na mbadala hatoki, baba. Bosi akiliona neno hili anakataa papo hapo. Kalibadilishe kabla sijaipeleka mezani."

Nilirudi Mpanda zikiwa zimebaki siku saba.

"Kwani nimedanganya?" Mkuu aliuliza. "Mtihani wa taifa uko mlangoni. Nionyeshe mbadala."

Nikamtaja Mwalimu Skola, mwenye stashahada, aliyefundisha Kidato cha Kwanza. Mkuu akaguna. "Haya, kesho afundishe Kidato cha Nne logi, zile logarithimu. Nitakaa nyuma."

Nilimfuata Skola nikiwa na andalio la somo mkononi, yaani mpango wa kipindi, nimeshamwandikia.

"Kumbe ukitaka kuondoka ndiyo unajua naweza?" alisema. "Na hilo andalio baki nalo, kaka. Wanafunzi wako wanalinakili tu, hawalielewi."

Kesho yake niliketi nyuma na Mkuu, nikiomba Skola aweze na, Mungu anisamehe, asiweze sana.

Hakugusa kitabu. "Kumi ngapi zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe zinazaa elfu?"

Binti mmoja kutoka makazi ya Katumba, ambaye miaka miwili hakuwahi kufungua mdomo kwenye kipindi changu, akanyoosha mkono. "Tatu, mwalimu. Kumbe logi ndiyo hiyo tu?"

Darasa likaangua kicheko. Mkuu akaomba barua, akafuta maneno yake ya awali na kuandika: "Ana mbadala. Tena bora."

Kwa maneno hayo Sumbawanga walinipa ruhusa. Nilifika chuoni siku ya mwisho ya usajili, vumbi kichwani, na kwa miaka miwili nikasomea kile alichokifanya Skola kwa dakika arobaini.

Mwaka jana nilistaafu kwa hiari. Kwenye hafla ya kuniaga, pale pale Mpanda, kijana msoma risala alifika mahali pa kusema naacha pengo lisilozibika. Skola, ambaye sasa ndiye Mkuu wa Shule, akamgusa bega.

"Hapo futa, mwanangu," alisema. "Kaka ana safari."