Aliyebebwa na Watu Wanne

Chama chetu cha wakulima wa kahawa, huku Mbozi juu, kina desturi moja ambayo sijaisikia kwingine, ingawa sijatembea sana. Mwanachama akifa, kabla ya kwenda makaburini jeneza linapitishwa ghalani ili chama kimuage. Watu wanne wanapanda nalo ngazi, wanabadilishana bega katikati, wanalitua mbele ya meza ya mwenyekiti, miguu ikielekea mlangoni. Wanaume wanavua kofia, wanawake wanashusha kanga za kichwani kifuani, wote tunasimama. Mzee mmoja wa kanisani anaanzisha wimbo kwa kuvuma puani, maneno yanakuja baadaye. Kisha katibu anaita jina la marehemu kama anavyoliita kila mkutano, na sisi tunakaa kimya pale ambapo mwenyewe angeitikia. Huo ukimya ndio kuaga kwenyewe.

Mikutano yetu nayo inafanyika humo humo ghalani, kati ya magunia. Ngazi zake ni kali. Wazee waliojenga waliinua sakafu ili unyevu usipande kwenye kahawa, na walifanya vizuri, kahawa yetu haijawahi kuingiwa na kuvu. Nalisema hili mapema, maana nisipolisema itaonekana kama walijenga ili kumzuia mtu.

Mtu mwenyewe ni jirani yangu, mjane, tuliingia chamani msimu mmoja. Wakati wa masika mgongo ulimshika, miguu ikakataa. Akarudi kutoka hospitali na kiti cha magurudumu. Mkutano wake wa kwanza baada ya kuugua ulikuwa asubuhi ya baridi, ukungu umeshuka mpaka huoni mibuni ya ng'ambo ya barabara. Vijana wanne hawakuambiwa na mtu. Walimwona pale chini, wakainua kiti na yeye juu yake, wakampandisha. Nilifurahi. Nilijisemea, tazama watu wetu walivyo na moyo.

Baada ya hapo hakuja tena. Tuliitisha mkutano, hakuja. Mwingine, hakuja.

Mimi ni mjumbe wa bodi. Isidhaniwe ni kwa akili. Alitakiwa mwanamke, na siku ile wenzangu wengi walikuwa shambani. Darasa langu ni la saba. Basi nikiwa kwenye kikao cha bodi, akaja mdogo wa marehemu mume wake, yaani shemeji yake. Akasema, "Shemeji haji. Chama kinataka mtu wa kumsemea. Naomba mniandike msimamizi."

Mwenyekiti akakuna kidevu. "Msimamizi ni wa hisa za marehemu, ndugu yangu."

"Sasa mna neno jingine?"

Hatukuwa nalo. Sisemi yule bwana alikuwa na tamaa. Kahawa ya shemeji yake alikuwa akiipalilia yeye, kwa jembe lake, bila kuombwa. Ila akiandikwa msimamizi, kahawa ile itapokelewa kwa jina lake na kura itakuwa yake, na jirani yangu atakuwa amekwisha kwenye chama huku akiwa anapika ugali nyumbani kwake. Bodi ikaamua hivi: mkutano mkuu ukifika, jina lake likaitwa, akaitikia mwenyewe, basi. Asipoitikia, shemeji anaandikwa.

Nikaenda kumweleza. Nilimkuta uani anachambua kahawa kwenye ungo.

"Umekuja kunibembeleza?"

"Nimekuja kukuambia ilivyo." Nikamwambia. Aliendelea kuchambua. Nikauliza, "Kwani walikubeba vibaya?"

"Walinibeba vizuri mno, dada. Hapo ndipo penye shida. Hata bega walibadilishana pale katikati ya ngazi, kama wanavyobadilishana."

"Labda ni uzito."

"Na kofia? Kofia nazo ni uzito?"

Nikasema sikumbuki kofia. Nikasema nadhani hata mimi sikusimama.

"Ulisimama. Ulikuwa na kanga ya kijani kichwani, ukaivuta ukaishika kifuani."

Kanga ya kijani ninayo.

"Wakanitua mbele ya meza," akasema. "Wakanigeuza nikatazama mlango. Katibu akaita jina langu. Nilitaka kuitikia, dada, nakuapia. Nikawaona mmetulia vile, mnasubiri niwe kimya. Basi sauti ikakaa humu. Akaita jina la pili, mkaketi." Akapeperusha ungo, maganda yakaruka. "Nikibebwa tena siitikii. Si kwamba nitagoma. Sitaweza."

Nilirudi nyumbani sijui nimwamini au ni ugonjwa unamsemesha. Niliandika kwenye daftari langu pande zote mbili, wa kumwamini na wa kutomwamini. Mpaka leo nikisoma upande ule wa kutomwamini naona hoja zake si mbaya.

Hata hivyo kikao kilichofuata nikaomba tuweke mteremko wa saruji pembeni ya ngazi, magurudumu yapande. Nilieleza vibaya. Nilipofika kwenye habari ya kofia walicheka.

"Mama," mwenyekiti akasema, naye ni mtu wa utani lakini safari hii aliumia kweli, "mtu ana vijana wanne wenye nguvu, wanamwinua kama yai. Anataka saruji? Mikono yetu ina nini?"

Mikono ile niliiona mwenyewe, na haikuwa na ubaya wowote.

Nikaanza kuwafuata wanachama mmoja mmoja kwenye mtambo wa kumenya kahawa. Mama mmoja anayeumwa magoti alisema mteremko utamfaa hata yeye. Wapakiaji wa magunia walisema ni sawa tu. Ila nadhani wengi walikubali ili niwaache wafanye kazi. Aliyenishtua ni mmoja wa wale wanne, kijana wa bodaboda anayepeleka abiria Tunduma. Alikuwa anafuta pikipiki.

"Mimi nilishika mbele kushoto, mama mdogo," alisema. "Sikuwaza msiba wala nini. Lakini mikono ilikuwa inajua njia kuliko mimi. Sikuipenda ile kitu."

"Utasema hivyo mkutanoni?"

"Nikachekwe kama wewe? Aa."

Ukaja mkutano wa kuandaa msimu. Ukungu tena. Nikasimama nikarudia hoja yangu, watu wakaanza kuguna. Ndipo yule wa bodaboda akapaza sauti kutoka nyuma, na nataka ijulikane kwamba lilikuwa wazo lake, mimi nisingethubutu:

"Mwenyekiti, si ukae wewe tukubebe? Tukikufikisha mzima, hoja ya mama mdogo imekufa, tuendelee na mbolea."

Ghala zima likacheka. Mwenyekiti akacheka kuliko wote. "Haya! Nipeni kiti chenye mikono. Na msinidondoshe, mke wangu bado ananidai maelezo ya jana."

Wakatoka naye, wale wale wanne. Sisi tukabaki ndani tunacheka. Tukasikia kiti kinainuliwa, mtu anasema "taratibu", miguu ikaanza kupanda. Kuna aliyetania, "Ana uzito wa posho!" tukacheka tena. Miguu ikafika katikati ya ngazi, ikasimama. Wanabadilishana bega. Ikaendelea.

Sijui kicheko kilikatikia wapi. Najua tu kwamba ukungu uliingia mlangoni kabla yao, kisha wao, kisha yeye juu, mikono yake ameilaza mapajani. Hakuna aliyekuwa anatania. Walitembea ule mwendo. Nikasikia sauti ya kuvuma, ya puani, inatoka upande wa wazee. Nilimtazama yule mzee wa kanisani, alikuwa amefumba macho. Baadaye aliapa kwamba hakuvuma chochote, na ni mtu asiyesema uongo, kwa hiyo nimeandika kwamba nilisikia na kwamba yeye hakuvuma.

Wakamtua mbele ya meza. Wakamgeuza kuelekea mlango. Hakuna aliyewaambia wamgeuze.

Katibu alikuwa mezani, orodha ya majina iko mbele yake kama siku zote. Kwa mazoea tu, nadhani, akaita jina la mwenyekiti.

Tukawa kimya.

Nilikuwa naona uso wake kwa upande. Alifungua kinywa. Niliona ulimi. Hakuna kilichotoka. Na mimi, Mungu anisamehe kama nakosea, nilikuwa namsikitikia. Nilikuwa nawaza watoto wake watakavyogawana shamba.

Mtoto mgongoni mwa mama mmoja akapiga chafya.

Ndipo nilipojua kwamba nimesimama, na kanga iko kifuani. Nikatazama: wote wamesimama. Kofia zote ziko mikononi. Watu walianza kuziangalia kofia zao kama vitu vya kuokota.

"Niondoeni hapa," mwenyekiti akasema, lakini hakungoja kuondolewa. Aliruka kutoka kwenye kile kiti, akaenda kushika ukuta. Aliyempelekea maji, niwe wa haki, ni yule shemeji. Alikunywa yote. Akatazama pale alipokuwa ametuliwa, kisha akasema bila kumgeukia mtu, "Nani ana mawe?"

Wapo waliolalamika kwamba tumemwitia kifo mwenzetu. Naandika hapa kwamba hakufa, ni mzima na anadaiwa maelezo na mke wake kama kawaida. Lakini hakuna aliyepiga kura kuhusu mteremko. Watu walinyoosha mikono kutaja mawe, mchanga, ng'ombe wa kukokota. Mimi niliyekuwa nimeandaa maneno sikupata nafasi ya kuyasema, na huenda ilikuwa heri.

Mteremko wa kwanza tulikosea. Tuliujenga mfupi na mkali, kama ule wa kushushia magunia kwenye lori. Jirani yangu akaja kuujaribu, akafika nusu, magurudumu yakamrudisha.

"Huu umejengewa gunia," alisema pale chini. "Gunia halipandi lenyewe."

Fundi alinung'unika sana. Ikabidi uvunjwe, ukarefushwa ukapigwa kona, na yule wa bodaboda akaleta bomba la kushikia kutoka Tunduma, amelifunga kwenye pikipiki kwa ubavu mpaka magari yanampigia honi. Shemeji alisomba mchanga siku mbili. Sikumuuliza anasomba kwa nini. Hakuwa ameondoa ombi lake.

Mkutano mkuu ulifanyika asubuhi, na ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote nilizozitaja. Kutoka kwenye benchi langu mlango ulikuwa kama umefungwa kwa shuka. Jirani yangu alikuwa ametuma neno kwamba asiguswe wala asipokewe. Basi tukakaa.

Tulimsikia kabla ya kumwona. Magurudumu yalisaga mchanga juu ya saruji, taratibu, yakafika kwenye kona, yakasimama. Kimya. Kimya kirefu. Mtu mmoja alikohoa, wenzake wakamtazama vibaya. Nilisikia miguu yangu inataka kunyooka. Si mimi niliyekuwa nataka, ni miguu. Nikashika benchi. Nikatazama safu ya mbele yangu, nikaona vidole vya watu navyo vimeshika mabenchi, wanaume kwa wanawake, kama watu walio kwenye lori linaloteremka mlima. Yule shemeji alikuwa amekandamiza kofia yake kichwani kwa viganja vyote viwili.

Magurudumu yakaanza tena.

Akaingia anahema, jasho linamtiririka na baridi yote ile. Alifika palepale mbele ya meza, akasimama kupumzika, mgongo kwa mwenyekiti, uso kwetu. Hakuna aliyeinuka. Hakuna aliyepumua pia.

"Mbona hivyo?" akauliza. "Kuna msiba?"

"Hakuna," mwenyekiti akajibu haraka mno. "Hakuna msiba hapa! Pita, mama, pita ukae."

Akasukuma magurudumu akaja upande wa wanawake, akajipanga pembeni yangu. Katibu akaanza kuita. Akalifikia la jirani yangu. Jina likaitwa, na ile nafasi ya kuitikia ikafunguka, na ilikuwa ndefu, nilitaka kuitikia kwa niaba yake na namshukuru Mungu sikufanya hivyo.

"Nipo!"

Alilitoa kama mtu anayeita ng'ambo ya shamba. Katibu akaweka alama. Yule shemeji akashusha mikono kutoka kwenye kofia, akaiweka sawa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi mimi niondoeni kwenye ile habari."

Jina lililofuata lilikuwa langu. Nililisikia vizuri. Watu walikuwa kimya, kama wanavyokuwa kimya kila mara wakisubiri mtu aitikie, na nikashangaa kuona kwamba na mimi ilibidi nivute pumzi kwanza.