Ketura Hayumo Pichani

Usidanganyike na picha inayoning'inia sebuleni kwa akina Tolliver, yenye nguzo nyeupe na ngazi za mawe, Bibi Lavinia, aliyezaliwa mle ndani, amekaa kitini utadhani malaika. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafulia nguo, na siku ilipopigwa nilikuwa nimejibanza kando ya ngazi. Nasema bila kumung'unya maneno: picha ile ni aibu tupu.

Ketura aliwapikia tangu enzi za utumwa. Vita vilipokwisha na watumwa kuachwa huru, wengine walitawanyika, yeye akabaki pale Virginia akisubiri habari za binti yake Dorka, aliyeuzwa angali mdogo. Habari akazileta mhubiri: Dorka yuko hai, yuko mbali kule Ohio, ila sura ya mama yake imemtoka kabisa kichwani. Anaomba picha. Kwa miguu ya Ketura ilivyovimba, safari haikuwezekana.

Basi Bibi Lavinia alipoita mpiga picha aje kulipiga picha jumba, Ketura akajikaza, akaomba naye awemo.

"Shangazi Ketura, hilo nalo la kuomba?" Lavinia akacheka; ndivyo wazungu walivyowaita watumishi weusi wa makamo, "shangazi", bila undugu wowote. "Utasimama hapa ubavuni mwangu. Nakala moja itakuwa yako."

Siku yenyewe Ketura alivaa gauni la kanisani, na kilemba amekipiga pasi kikanyooka.

"We Ketura, unaolewa?" nikamtania.

"Nyamaza, kafue! Leo mwanangu ananitazama."

Mpiga picha alituonya kwamba atakayeondoka kabla hajafunika kamera hatatokea. Lavinia alisikia vizuri, maana ndiye aliyeuliza maswali.

Kifuniko kikatolewa. Kamera za wakati ule zilivuta sura polepole. Mara nikamsikia Lavinia akinong'ona, midomo haisogei: "Shangazi, mtoto wangu analia juu. Mkimbilie."

Ketura akaenda. Maisha yake yote akiitwa katika nyumba ile, miguu hutangulia akili. Akamkuta mtoto kalala fofofo. Aliporudi, kamera ilikuwa imeshafunikwa. Akaomba irudiwe, Lavinia akasema jua limepinda.

Picha ilipoletwa, nguzo zilikuwemo, na Lavinia alikuwemo. Kando yake palikuwa na ukungu, kama mvuke wa sufuria.

"Mtoto hakulia," Ketura akasema.

"Shangazi, jamani! Picha inakwenda kwa ndugu za mume wangu. Wangeuliza mweusi huyu amesimama nami kama nani."

"Ungeniambia nikae kando, ningekaa, nikalia peke yangu. Lakini ulijua nikisikia wako analia, sitamfikiria wangu."

Lavinia akageukia dirishani. Mimi, niliyekuwa nikikunja shuka pale, nikazitupa kikapuni kwa hasira.

Mhubiri alipopita kuchukua picha ya Ohio, Ketura alitoka mikono mitupu.

"Mwambie Dorka mpiga picha hakuja."

"Ketura! Mwambie ukweli," nikasema.

"Ukweli upi, dada? Kwamba Lavinia, niliyemnyonyesha maziwa ya Dorka, Dorka akalala na njaa, ndiye..." Hakumaliza. Alijifuta uso kwa aproni, akarudi jikoni. Chakula cha mchana cha akina Tolliver kilikuwa hakijaiva.