Safari Tatu, Vituo Vinne

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya tisini ikianza, Msimamizi wa Usafirishaji hakuniomba cheti. Aliuliza, "Unajua kusema hapana?" Nikamwambia inategemea ni nani anaomba. "Utafaa," akasema, akanionyesha simu na kiti kibovu.

Kiwanda kilikuwa juu kidogo ya Litein. Nilipanga malori ya kuchukua majani mabichi vituoni, pale wakulima hupimiwa. Chai ikishachumwa haingoji. Ikirundikana hupata joto, hugeuka nyekundu, nasi husema imeungua. Hakuna mashine ya kuirudisha. Kwa hivyo kila kituo kilikuwa na saa yake ya mwisho. Chenye kivuli na upepo kilivumilia. Cha bondeni hakikuvumilia hata kidogo.

Desturi ilikuwa kuanza na kituo chenye mzigo mkubwa. Lakini mimi nimezoea soko la Silibwet, ambako bei ya kwanza haikubaliwi, na hiyo desturi nayo nilitaka kuipima mara mbili. Nikapanga vifuniko vya soda mezani, kila kimoja kituo, nikavisogeza wiki nzima. Nikaona kitu: mzigo mkubwa upe safari ya mwisho unayoweza kungojea. Unaoufuata kwa ukubwa, vivyo hivyo. Safari za mapema zinawabakia wale wasioweza kungoja.

Kisha mvua ya masika ikazamisha malori yetu kwenye tope la njia ya Boito. Likabaki moja: safari tatu, vituo vinne, yaani Shule, Kanisa, Soko na Bondeni.

"Anza na Shule," Msimamizi akasema. "Ndicho kikubwa."

"Shule inangoja mpaka safari ya tatu, mzee. Ukianza nayo, Bondeni inaungua. Ya pili uwape Kanisa, na Soko nayo inaungua. Hiyo ya tatu utabeba hewa?"

"Wewe ungeanzaje?"

"Bondeni, Kanisa, Shule."

"Na Soko?"

"Ndicho kidogo kuliko vyote. Kinabaki."

Akanitazama. "Si huko ndiko kwenu?"

"Mke wangu yuko kwenye foleni sasa hivi."

Akashusha sauti. "Weka Soko pahali pa Bondeni. Nani atauliza?"

Nikahesabu tena, mara hii nikiomba nipate kosa. Bondeni bado walituzidi kwa kilo. Lori likaenda Bondeni.

Jioni nilimkuta mke wangu akimwaga majani yetu kwenye mahindi.

"Baba Cherono, nani alipanga?"

"Mimi."

"Ulijaribu njia zote?"

"Zote."

Akakung'uta kikapu. "Nyinyi mnapanga lori. Na saa ya kuchuma, nani anapanga? Sisi tukianza kuchuma mchana, si majani yatafika jioni yakiwa mabichi?"

Vifuniko vyangu vilipanga lori tu, si saa ya kuchuma. Kesho yake nikalipeleka wazo lake kwa Msimamizi, naye akalipeleka kwa Meneja wa Kiwanda. Tangu hapo vituo vikawa na zamu za kuchuma, na mvua ikija tulikuwa na nafasi ya kupumua.

Sasa nimestaafu, nachuma naye. Saa ya kuanza anapanga yeye, na kwa kujadiliana kwangu kote bado sijapunguziwa hata dakika moja.