Kati ya Naona na Niliona

Nilipomaliza chuo, kazi ya kwanza niliyopata nilipewa na mama mdogo wangu: kumwambia kama maji yanapanda.

Nyumba aliyopanga iko Buterere, pembezoni mwa mji, safu ya mwisho kabla ya mashamba ya mpunga. Nyuma ya uzio wa matete kuna mfereji, na ng'ambo ya mfereji ni mpunga tu. Mwaka uliotangulia maji yalitoka mferejini mchana kweupe, yakaingia ndani na kulowesha magunia yake yote ya ndagala, dagaa wakavu ambao huwauza sokoni. Tulihifadhiwa kanisani siku kadhaa. Aliapa kwamba hatalala tena kwenye benchi la kanisa. Lakini kuhama mapema pia hakutaka, ingawa mjane mmoja anayesali naye, mkazi wa Mutanga Sud, alikuwa amemwekea chumba cha nyuma.

"Nikitoka hapa leo," alisema, "kesho mutu mwingine anaingia, na nyumba karibu na soko sitapata tena. Mi natoka mara moja tu. Na ikuwe siku ya kweli. We ulisoma fizike. Utaniambia."

Nilikata fimbo ya mwanzi, nikaichanja alama kwa wembe, kati ya moja na nyingine upana wa kidole, nikaichomeka kwenye tope la ukingo wa mfereji. Kila asubuhi, kabla hajabeba beseni lake kwenda sokoni, nilishuka, nikasoma, nikapanda kumpa jibu. Siku ya pili alama zilionyesha maji yamepanda kidogo, si hata kidole kizima.

"Naona inapanda, mama," nilimwambia.

Alikuwa amechuchumaa akipepea makaa. Hakuinua kichwa.

"Apana. Usiniambie naona. Naona baridi, naona njaa, naona uvivu. Naona ni ya mutu mwenye homa. Siku tulitoka Uvira, wakati wa vita, watu walikuwa wanasema naona wanakuja, naona wanakuja. Tukakimbia, tukaacha hata chungu kwenye moto. Mimi sikuona kitu. Mpaka leo sijui kama walikuja siku ile. Niambie niliona, ao nyamaza."

Nilirudi mferejini na neno hilo. Fizikia niliisoma kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa kuona ni jambo moja na kudhani ni jingine, yana vitenzi tofauti, huwezi kuyachanganya hata ukitaka. Kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu nilikuwa nimeishi miaka yote nikiyabeba katika kapu moja bila kujua.

Kuanzia siku hiyo nilisoma fimbo mara tatu kila asubuhi. Nikisimama wima napata namba moja, nikiinama kidogo napata nyingine. Upepo ukipita juu ya mpunga, maji yanatikisika na alama inapotea. Nilijua dawa yake, kila mwanafunzi wa maabara anaijua: jicho lazima liwe sawa na uso wa maji. Basi nilikuwa nachuchumaa kwenye ukingo unaoteleza mpaka kidevu kinakaribia maji, nimejishika nisianguke, nasoma, nafumba macho, nasoma tena. Nikirudi ndani naanza kujiuliza kama nilisoma kweli au nilikumbuka namba ya jana. Natoka tena. Viatu havikukauka wiki nzima.

Wakati huo nilimkumbuka sana mwalimu wetu mmoja wa chuo, aliyetufundisha habari za chembe za mwanga zinazopita kwenye matundu mawili. Ukiziacha zenyewe, zinachora michirizi ukutani kana kwamba kila moja imepita pote pawili. Ukiweka kifaa cha kujua imepita tundu lipi, michirizi inatoweka. Darasa zima lilishangilia, tukasema kumbe jicho la mtu linaumba dunia. Mwalimu alikunja uso. Alisema jicho halina uchawi wowote. Ili ujue kitu kiko wapi, lazima kitu kingine kikiguse, hata kama ni mwanga tu. Hakuna kutazama kusikogusa. Niliiandika sentensi hiyo katika mtihani nikapata alama nzuri, na sasa nakiri kwamba sikuielewa.

Jirani yetu alikuwa fundi wa pikipiki, Mwislamu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ambaye ukoo wake ulikuwa hapa mjini tangu babu wa babu yake. Kila asubuhi aliniangalia juu ya uzio, mswaki mdomoni.

"Profeseri! Maji inasema nini?"

"Bado napima."

"Unapima tangu juma lililopita. Wallahi, mutu aliyesoma haingii mu tope bure."

Siku ya sita nilikuta anapakia vifaa vyake kwenye mkokoteni. Mke wake alikuwa ametangulia na watoto kwa kaka yake, Buyenzi. Nyumba mbili za mbele zilipomwona anaondoka, nazo zikaanza kufunga magodoro.

"Fundi ameenda," mama mdogo aliniambia jioni. "Aliona nini?"

"Aliniona mimi natazama."

"Na we uliona nini?"

Nilimwambia bado napima. Ukweli ni kwamba tangu nilipoona mkokoteni, nilishuka mferejini na moyo mwingine kabisa, na namba zilinitisha kuliko jana yake. Wao walinitazama mimi, mimi nikawatazama wao, na maji hayakuwa na mtu wa kuyatazama.

Siku ya nane fimbo ilionyesha vidole vinne juu ya siku ya kwanza. Nilisoma mara tano. Nilipanda nikasimama mbele yake.

"Niliona, mama. Vidole vinne."

Hakubishana. Sokoni hakwenda. Alikunja godoro, akafunga masufuria katika kitenge, akasema, "Saa sita nampigia mwenye nyumba, namwambia natoka. Nenda uniletee jiwe yangu."

Jiwe hilo ni bapa, alilitumia kufulia pale ukingoni, limezama nusu ardhini kama jino. Nilipoinama kulichimbua, nikaona ufa wake. Siku ya kwanza, baada ya kuchomeka fimbo, nilifulia shati langu juu yake, na maji yalikuwa yanaramba ufa ule. Sasa yalikuwa yanaramba ufa uleule. Niligeuka kutazama fimbo. Siku ya kwanza alama ya chini kabisa ilikuwa wazi juu ya tope. Sasa haikuwepo. Nilihesabu zilizomezwa na tope: nne.

Nilielewa kabla sijataka kuelewa. Kila asubuhi, nikichuchumaa ili jicho liwe sawa na maji, nilikuwa nimejishika kwenye fimbo.

Nilikaa pale nimekumbatia jiwe ambalo sijalichimbua. Ningeweza kunyamaza. Mvua kubwa zingekuja tu, na Mutanga Sud iko juu. Hakuna mtu aliyekufa kwa kuhama mapema. Na kama ningesema ukweli, akabaki, halafu maji yakaja kesho? Nilipiga hesabu hiyo kila upande, na kila upande nilijikuta nimebeba hatia. Lakini yeye hakuwa ameniomba usalama. Usalama angeupata kwa mtu yeyote mwenye hofu. Aliniomba neno moja, na nilikuwa nimempa la uongo.

Simu ilikuwa tayari mkononi mwake nilipoingia.

"Mama, usipige. Maji haikupanda. Fimbo ndiyo ilizama. Mimi nilikuwa naiegemea."

Aliitazama miguu yangu yenye tope, akaitazama mikono yangu mitupu. Nilisubiri matusi.

"Siku nane," alisema taratibu, "mutoto wangu anapima kilo zake mwenyewe." Kisha akaketi juu ya godoro lililokunjwa na kucheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Na vile uko mwembamba! Ingekuwa mimi naegemea, fimbo ingetokea Uvira!"

Alifungua masufuria moja moja. Akiwa na la mwisho mkononi alisema, bila kucheka sasa, "Lakini umesema mbele ya saa sita. Hiyo nimeiona."

Habari ilimfikia fundi kwa njia za sokoni. Kesho yake alirudi, mkokoteni uleule, na kabla ya salamu akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Profeseri ametuhamisha kwa fimbo ya kutembelea!" Hata hivyo alileta tiyo ya chuma, bomba refu la maji lililokwishatupwa, akaligongelea ukingoni mwa mfereji mpaka likagoma kwenye ardhi ngumu, akamwaga saruji kuzunguka, nami nikalichora alama.

"Mimi nikisikiliza moteri," aliniambia akipangusa mikono, "siegemei tangi. Ukiegemea, sauti inabadilika, halafu unatengeneza ugonjwa yako, si ya pikipiki. Hawakuwafundisha?"

Nikasema walitufundisha.

Mama mdogo aliweka sheria yake. Tutasoma wawili, kila mmoja peke yake, na tusiongee njiani. Mimi naandika karatasini, yeye anafunga mafundo kwenye uzi, fundo moja kwa kila kidole maji yaliyopanda. Nyumbani tunaweka karatasi na uzi juu ya meza. Siku nyingi havikusema kitu. Mimi bado nilikuwa nalala vibaya, bado narudi kutazama mara ya pili nikiwa nimeweka mikono mgongoni kama mfungwa. Kisha mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, na asubuhi moja karatasi yangu ikasema vidole vitatu, na uzi wake ulikuwa na mafundo matatu. Kesho yake, sita na sita.

Aligusa uzi, akagusa karatasi.

"Sasa tumeona," alisema. Akapiga simu saa sita, akamwita fundi juu ya uzio, na jua halijashuka tukawa njiani, magunia yakiwa makavu.

Siku nne hatukujua lolote. Kule juu Mutanga Sud nilitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, nikiwaza kwamba huenda nyumba ni kavu na ina mpangaji mpya, na huenda imejaa maji, na kwamba zote mbili zinanikosesha usingizi sawasawa. Siku ya tano nilishuka. Nilisimama mbali, barabarani, nikampigia mama mdogo.

"Sema," alisema.

"Niliona dirisha, mama. Chini yake niliona maji tu."

Nyuma yake nilimsikia mjane akiuliza ni nini.

"Na jiwe yangu? Hukunichimbulia."

Palipokuwa na ukingo palikuwa na maji ya rangi ya chai, na tiyo peke yake ikitokeza kichwa.

"Naona liko palepale," nikasema. "Chini."

Safari hii hakunikatalia lile neno.