Nilipojiita Nirav

Harufu ya naftalini, vile vidonge vyeupe ambavyo wauza vitambaa huvificha katikati ya mikunjo ili wadudu wasitafune nguo, mpaka leo hunifanya nitazame chini. Juzi dada yangu alifungua sanduku la vitenge vyake, harufu ikajaa chumba, na mimi, kijana mwenye ndevu, nikatoka nje kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi. Aliniuliza nina nini. Nikasema sina kitu. Ninyi mnaosoma nitawaambia, kwa sababu kuandika kunanipa nafasi ya kutafuta maneno, na midomo ya watu hainipi nafasi hiyo.

Tulikaa Kavimvira, karibu na mpaka, mahali ambapo malori yanayosubiri kuvuka kwenda Bujumbura yalikuwa yakinguruma mchana kutwa. Uwanja wetu ulikuwa wa familia mbili: sisi, na Mama Nirav aliyeleta vitenge kutoka ng'ambo na kuviuza sokoni Uvira. Mwanawe Nirav alikuwa rika langu. Tulianza shule siku moja, tumeshikana mikono.

Darasani tulikuwa Byamungu watatu. Ni jina zuri, la kusema kwamba mtoto ni wa Mungu, lakini mwalimu akiita "Byamungu!" vichwa vitatu viliinuka kwa pamoja, na darasa lilicheka kila asubuhi kama vile ni mara ya kwanza. Basi mwalimu akatugawa kama mtu anayegawa kuku wa rangi moja. Kulikuwa na Byamungu Mrefu. Kulikuwa na Byamungu wa Sange, kwa sababu wazazi wake walitoka kule kwenye mashamba ya mpunga. Na kulikuwa na Byamungu Kimya. Huyo ni mimi. Nilijua majibu mengi, ila yalifika kooni yakakaa pale.

Nirav alikuwa mmoja tu. Mwalimu alipofika kwenye jina lake alipunguza mwendo, akalitamka kama mtu anayeonja mchuzi, na Nirav akajibu "Prezan!", yaani nipo, kwa sauti iliyowatoa njiwa juu ya mabati. Alizungumza akienda shule na alizungumza akirudi. Alizungumza hata akitafuna muwa. Mimi nilitembea kando yake nikisikiliza, na kila mtu tuliyempita alimsalimia yeye kwa jina.

Habari ya kuzaliwa kwake tuliijua wote, maana mama yake aliisimulia akifua, akipika, akisuka nywele. Alikuwa na mimba kubwa, akaenda Bujumbura kuchukua mzigo katika duka la Mhindi mmoja, na uchungu ukamshika hapo hapo mbele ya meza ya kupimia vitambaa. Mama mzazi wa yule Mhindi alimlaza juu ya marobota ya nguo na kumpokea mtoto. Mwenye duka aliitwa Nirav. Kwetu, mtu akikuokoa siku ya namna hiyo, mtoto huchukua jina lake.

Na ukichukua jina la mtu, mmekuwa ndugu. Mnaitana "majina", na yule mkubwa hawezi kumsahau mdogo. Kila Noeli Mama Nirav alirudi kutoka ng'ambo na kifurushi cha karatasi ya kaki. Ndani mlikuwa na shati jipya, limekunjwa kwa pini, linanuka naftalini. Mimi majina yangu alikuwa babu yangu mzaa baba, aliyekufa kabla sijazaliwa. Hakunitumia hata soksi.

Maana ya jina hilo hakuna aliyeijua. Katekista alilitafuta katika orodha ya watakatifu, akalikosa, akasema, "Huyu mtoto, huko mbinguni watamutafuta na shida." Mwalimu naye, tukiwa darasa la tano, alituambia kila mmoja aeleze maana ya jina lake. Nirav alisimama juu ya benchi bila kuambiwa.

"Ni mufalme! Mufalme wa Wahindi, mwenye tembo mia tatu."

"Nani alikuambia?" mwalimu akauliza.

"Majina yangu, Mwalimu!"

Hakuwahi kumwona huyo majina yake tangu siku ile ya marobota, lakini darasa zima lilishangaa. Zamu yangu ilipofika, Byamungu wawili walikuwa wameshaeleza. Mwalimu akaniruka. "Kimya, weye tunakujua."

Siku hiyo nilienda ziwani kuoga, nikachukua kijiti, nikaandika NIRAV kwenye mchanga. Nilikaa nikilitazama, kisha nikalifuta kwa kisigino kabla maji hayajalifikia. Sikutaka hata ziwa lilipate. Wivu wangu ulikuwa na ladha, kama chuma unapolamba msumari. Niliamini kwamba Nirav anapendwa kwa sababu ya jina, na kwamba mimi pia ningekuwa na sauti kama ningeitwa hivyo.

Tulipokuwa darasa la sita, Jumamosi moja ya kiangazi, Nirav na mama yake walikuwa wamekwenda Sange kumsaidia bibi yake kuvuna mpunga. Wangerudi kesho yake. Mama yangu alikuwa sokoni. Nilikuwa peke yangu mlangoni, nachambua mchanga kwenye ndagala, vidole vinanuka samaki, mara akaingia mwanamke nisiyemjua, amejifunga kitenge juu ya kingine kama wafanyavyo wanaovuka mpaka na bidhaa.

"Hodi! Hapa njo kwa Mama Nirav?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Nirav iko wapi? Majina yake iko kwa bariere ya mupaka, anamungoja. Amefunga duka, anarudia kwao Buhindi. Anataka kumuona mutoto mbele ya kuenda."

Mimi ambaye sikuwahi kuinua mkono darasani, niliuinua.

"Minye njo Nirav," nikasema.

Lilitoka laini, bila kukwama. Yule mama akaniangalia, akasema, "Nawa mikono basi, weye, huwezi kumusalimia na ndagala."

Askari wa mpaka hawakuwajali watoto. Tulipita. Ng'ambo ya pili, kando ya barabara, mzee alikuwa ameketi katika gari dogo jeupe, mlango wazi, miguu yake ikigusa vumbi. Alikuwa na nywele nyeupe masikioni na kifurushi cha kaki mapajani. Harufu ile ilinifikia kabla ya salamu.

"Majina," akaniita.

Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Nilihisi kifua kimepanuka. Alinishika mikono yote miwili, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha dukani kama ninajua maana ya jina letu. Nikatikisa kichwa kukataa.

"Ni jina la Kisanskriti," akasema. "Lugha ya zamani sana, ya vitabu vyetu vya sala. Sokoni hakuna mtu anaongea ile. Nirav ni mtu asiye na sauti. Kimya. Babu yangu alipenda utulivu, akanipa. Miaka yote Bujumbura nilikuwa Nirav peke yangu, mpaka wewe."

Kimya. Nilifikiri sikusikia vizuri. Jina nililolitamani tangu darasa la kwanza lilikuwa lile lile ambalo mwalimu alinibandika na mimi nikalichukia.

Mzee aliendelea. "Ulipotoka hukulia. Mama yangu alikusugua mgongo na kitambaa, akakupulizia mdomoni. Hukulia. Alisugua tena. Halafu ukalia kidogo tu, kama paka. Nilimwambia mama yako, usimpe jina hili, mtoto huyu anahitaji sauti. Akakataa kabla sijamweleza maana. Akasema, kwetu jina ni la mtu, si la maana yake."

Akacheka, akafuta macho kwa kiganja.

"Kila mwaka namuuliza, mtoto anasema? Ananiambia anasema mpaka wanachoka. Leo nasikia mwenyewe. Sema, majina. Sema kitu chochote."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema ahsante. Nilitaka kusema habari za tembo. Maneno yakakwama kama kawaida yake, na mara hii kulikuwa na uongo uliokaa juu yake. Lori lilipita. Yule mama aliyenileta akanisukuma begani, "Ongea basi! Uko na nini?" Mzee alingoja. Alingoja bila haraka, kichwa ameinamisha upande wangu kama mtu anayetega sikio mlangoni. Machozi yalinitoka bila sauti.

"Basi," akasema mwishoni, polepole. "Basi. Jina limeshinda."

Akaniwekea kifurushi mikononi, akapandisha miguu yake ndani ya gari, akafunga mlango.

Kavimvira hakuna siri inayolala siku mbili. Kesho yake yule mama alikutana na Mama Nirav kituoni, akamwambia, "Mutoto wako iko na haya sana." Mama Nirav akasema, "Wangu? Labda wa mwingine." Jioni shati lilitolewa chini ya godoro langu, na mama yangu alivua sandali. Viboko nimevisahau. Sijasahau Mama Nirav alivyokaa kwenye ngazi, shati mapajani, bila kunigombeza.

"Byamungu," akasema, "alitaka tu amusikie."

Jumatatu alimchukua Nirav wakavuka. Mlango wa duka ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Fundi cherehani aliyekaa pale nje aliwaambia kwamba mzee alipanda ndege jana yake.

Nirav hakunichukia, na hilo ndilo lililoniuma. Alivaa shati, likambana mabegani, akazunguka nalo uwanjani. Aliniuliza jambo moja.

"Na jina? Alisema nini juu ya jina letu?"

"Hakusema kitu," nikamjibu.

Shati nilirudisha. Maana sikuirudisha. Hata baada ya viboko, hata baada ya kumwona mama yake pale kwenye ngazi, nilitaka nibaki na kitu kimoja cha Nirav ambacho Nirav mwenyewe hana. Nimekaa nacho miaka yote hii, na hakijanifaa kitu.

Sasa mimi nashona viatu karibu na maegesho ya mabasi madogo, na Nirav ndiye anayeita abiria. "Sange! Luberizi! Sange moja tu, moja tu!" Sauti yake hufika ziwani. Abiria wakimuuliza jina gani hilo, bado huwaambia habari za tembo mia tatu, na bado hucheka, na mimi nikiwa na sindano mkononi bado nalamba ule msumari.

Utotoni nilidhani nimeiba shati na jina. Nilichelewa kuelewa kwamba mzee hakuja kutoa kitu. Alikuja kuchukua. Alikuja kuchukua sauti ya mtoto aliyemwacha akilia kama paka, aende nayo kwao, na sauti hiyo ilikuwepo, kubwa kuliko zote za Kavimvira, saa moja ya njia kutoka pale alipokaa. Maneno matatu yangetosha: mimi si Nirav. Labda angengoja kesho.

Nimeandika haya kwenye daftari kwa wiki tatu. Kesho nitampa. Nirav hajui kusoma kimoyomoyo. Hata karatasi ya dawa huisoma kwa sauti mpaka majirani wajue anaumwa nini. Atasimama katikati ya mabasi na kusoma yote haya, wizi wangu na wivu wangu, na maegesho mazima yatasikia. Nitakaa pale pale kwenye kigoda changu. Nataka akifika kwenye maana ya jina lake aitamke kwa sauti yake yote.