Mtaalamu wa Sarfa

Phelista wa mtaa wa Tuwan, mkemia katika chuo kimoja pale Kitale, alikuwa ananuka. Tusizunguke mbuyu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza sulfoni, viungo vinavyotumika katika dawa, na malighafi yake ya salfa ilinuka kama vitunguu vilivyooza. Aoge, ajipake mafuta, harufu ilibaki kwenye nywele.

Mamake, Nakhumicha, kule Bungoma, hakujali. Aliwatangazia akina mama wa kanisa kwamba bintiye ni mtaalamu wa "sarfa". Kwa kuwa ulimi wa huko huchanganya l na r bila kuomba ruhusa, wote wakasikia sarufi, na Phelista alipokuja kanisani Jumapili akaletewa insha za watoto azisahihishe. Akazisahihisha, maskini. Lakini alipoketi, waliokuwa karibu wakasogea. Wilkista, kiongozi wa akina mama, akafungua dirisha. "Ati huyu mwalimu wa sarufi anakula nini?"

Phelista aliona haya mno, akaacha kwenda nyumbani. Kila wikendi alikuwa na kisingizio kipya, na katika kila simu mamake aliuliza kwa sauti ndogo, "Utakuja rini?" Swali hilo lilimuuma kuliko lile dirisha.

Njia ya zamani ya kutengeneza sulfoni ilitaka viyeyushi vya sumu na moto wa kutwa, na bado sehemu ya malighafi ilibaki ikinuka. Phelista akajaribu maji badala ya viyeyushi hivyo. Humo akatia peroksaidi, jamaa ya ile ya kuoshea vidonda, na chumvi kidogo ya metali ya tangsteni ya kuharakisha mambo. Aliharibu mara nyingi. Hatimaye asubuhi moja akafunua chupa, akanusa, hakuna kitu. Chini palikuwa na fuwele nyeupe, juu maji. Alicheka peke yake, kisha akalia kidogo.

Nywele ziliposafika, akaenda Bungoma.

"Mulembe, mayi," akamsalimu mamake.

Mamake akamkumbatia, akamnusa shingoni, akamnusa nywele, uso ukamshuka. "Hakuna ile halufu. Si wamekufuta kazi, mwanangu?"

"Hapana, mayi. Nimeishinda. Leo tutakaa benchi moja."

Nakhumicha akaingia chumbani, akatoka na leso ambayo Phelista aliisahau siku ya insha. Hakuwa ameifua.

"Hii ndiyo nimekuwa nararia," akasema. "Sasa ukipotea tena, nitanusa nini?"