Neno la Kumwambia Aliyekwenda

Kwetu Kenya huwezi kukutana na mfiwa ukanyamaza. Hata kama hamjuani, utamwambia pole, la sivyo utahisi umemnyima maji. Basi fikiria taabu yangu mimi, mhudumu wa nyumbani katika ghorofa moja mtaa wa The Pearl, Doha, mama mzazi wa Madam alipoletwa kutoka Norwe akiwa ametoka kumzika mumewe. Kiingereza hakijui. Alishinda dirishani, na kila sahani niliyompelekea niliirudisha jikoni vilevile. Madam alianza kuogopa kwamba mama naye anaondoka.

"Madam," nikamuuliza asubuhi moja, "sori mnaisemaje kwa Kinorwe?"

"Sori ipi?" Akaanza kunieleza. Kuna ya aliyekukanyaga mguu. Kuna ya ofisi inayokunyima kitu. Kuna ya mazishini, husemwa siku ile tu, basi. Ajabu! Neno moja la Kiingereza wenzetu wamelipasua kama kuni, na bado hakuna kipande cha kumchemshia mfiwa chai.

"Sasa aliyebaki mnamwambia nini kila siku?"

"Hatumwambii mengi. Tunamwambia aliyekufa. Kwenye kaburi la baba tumeandika *takk for alt*. Asante kwa yote."

Mdomo wangu hauna breki. "Madam, huyo anasikia? Mwenye masikio si huyu wa dirishani?"

Alicheka kidogo, akaenda kazini. Nikabaki napiga pasi, na yale maneno yakakataa kuniondoka. Baba yangu alizikwa nikiwa hapa hapa Doha. Mazishi niliyaona kwenye simu, mtandao ukikatikakatika. Ijumaa yake kanisani, maana huku ibada ni Ijumaa, kila mtu alinishika mkono, pole, pole sana dada, mpaka nikachoka kuitikia. Pole nilipewa za kutosha. Neno la kumwambia baba mwenyewe sikuwa nalo, wala sikujua kama lipo. Kumbe lipo, na watu wanalichonga kwenye mawe huko kwenye theluji!

Nikazima pasi. Nikapika uji wa wimbi, nikampelekea yule bibi wa dirishani, na badala ya kuuweka na kuondoka, nikavuta kiti nikakaa naye kimya, kama tunavyokaa matangani. Baadaye nikamwonyesha kwenye simu kaburi la baba yangu, udongo mwekundu bado mbichi, msalaba wa mbao.

"Papa," nikasema. "Takk for alt."

Aliitazama ile picha. Kisha akaweka kidole kwenye kioo, penye msalaba, akayarudia maneno yale polepole, akimshukuru baba yangu ambaye hakuwahi kumwona. Nililia hadi simu ikanitoka mkononi.

Bibi akaniokotea. Akanisogezea bakuli, nile mimi. Nikala kijiko kimoja, nikamrudishia, naye akala.